Nusu Peni Inayocheza

"Hivi dada Thirza, mtu aliyenyongwa anaweza kucheza?"

Ndivyo alivyoniuliza jirani yangu Nan Lubbock asubuhi moja, kichwa kimeshaingia dirishani kwangu kabla ya salamu. Mimi nilikuwa nimeshika mwiko, nakoroga njegere. Nilimwambia atoe kichwa kwenye mvuke kabla kofia yake haijalegea, na kwamba asubuhi si wakati wa kutaja watu wa kamba, na kama ni habari za kucheza, asiniulize mimi niliye wa kanisa dogo, ambako dansi ni dhambi.

"Sikuulizi kanisa lako linasemaje. Nakuuliza anaweza ama hawezi?"

"Hawezi. Ameshakufa."

"Haya, mtazame huyu."

Akaniwekea nusu peni ya shaba juu ya ubao wa dirisha.

Inafaa niseme kidogo kuhusu nusu peni zetu za wakati ule. Pesa ndogo za Mfalme zilikuwa adimu mjini Norwich, na hizo chache zilizopatikana zilikuwa zimelika hadi uso wa Mfalme ukawa laini kama kitako cha kikombe. Tajiri alikuwa na dhahabu yake, lakini mchana sufu, yule anayeichana sufu ya kondoo kwa machanuo kabla haijasokotwa, akitaka mkate wa jioni, dhahabu hiyo haikatiki. Basi wenye maduka wakaanza kuagiza nusu peni zao wenyewe kutoka viwanda vya Birmingham, wakaandika pembeni mwa kila moja jina la duka ambako italipwa. Na kwa kuwa nafasi ya kuchora ilikuwepo, kila mmoja alichora la moyoni mwake. Aliyeichukia serikali alichora punda aliyelemewa na kodi. Aliyeipenda alichora taji na nanga na simba. Ulikuwa unanunua kitunguu, unarudishiwa hotuba.

Bwana Philemon Tuck alikuwa wa taji. Aliuza chai, sukari na mishumaa kule juu karibu na soko, na alitaka sana kuchaguliwa diwani. Tulikuwa vitani na Wafaransa, ambao walikuwa wamemkata kichwa mfalme wao, na huku kwetu wafumaji na wachana sufu walikuwa wakikutana kwenye vilabu vya pombe, mmoja anasoma gazeti kwa sauti, wengine wanauliza kwa nini mtu anayelipa kodi asipige kura. Bwana Tuck aliamini kwamba nyuma ya kila chanuo la sufu kuna mwasi amejificha. Kwa hiyo nusu peni yake ilikuwa na taji upande mmoja na maneno "Mungu Amlinde Mfalme." Upande wa pili ilikuwa na mti wa kunyongea, na mtu ananing'inia, na mkononi mwa yule mtu chanuo la kuchania sufu. Kuzunguka picha aliandika: "Mwisho wa Wabishi."

Mtaa wetu, ng'ambo ya mto, ulikuwa mtaa wa wachana sufu. Hata wale ambao hawajawahi kubisha jambo lolote maishani walianza kubisha siku ile. Lakini wangefanya nini? Ukikataa nusu peni ya Tuck, huna nyingine. Wanawake waliiona kama kisirani. Nan alikuwa mjane kama mimi, ila ujane wenyewe ulimkaa kama kofia ya kuazima, naye alikuwa anakusanya pesa ya harusi yake ya pili. Aliapa kwamba mtu wa kamba hatalala mfuko mmoja na pesa za harusi. Nusu peni za Tuck akazitia kwenye kibakuli kilichopasuka, nje ya mlango, kama mtu anayemlaza nje mbwa mwenye viroboto.

Mchumba wake alikuwa Obed Larwood, mfua machanuo, ambaye karakana yake ilitazamana na dirisha langu. Mwembamba, mwenye nywele za mvi zilizosimama kama meno ya machanuo yake, anapiga mluzi tangu alfajiri. Meno ya chanuo la sufu ni ya chuma cha pua, marefu, lazima yanolewe moja moja, na Obed alikuwa na tupa za kila aina, hata nyingine nyembamba kama sindano ya kudarizia. Siku moja Nan alimlalamikia tena kuhusu mtu wa kamba. Obed alichukua nusu peni moja kutoka kwenye kibakuli, akaibana kwenye jiliwa, akakwangua.

Na sasa hiyo nusu peni ilikuwa mbele yangu, kwenye mvuke wa njegere.

Kamba haikuwepo. Mti haukuwepo. Palikuwa pamebaki mtu peke yake katikati ya uwanja wa shaba safi. Ile miguu iliyokuwa ikining'inia, sasa ungesema ameirusha. Kile kichwa kilichoinama upande kwa kifo, sasa kilikuwa kimeinama kwa raha, kama mtu anayesikiliza fidla. Chanuo Obed alikuwa ameliacha mkononi. Na maneno alikuwa ameyaacha vilevile: "Mwisho wa Wabishi."

Nilicheka. Mwiko ukaniponyoka, ukazama kwenye njegere.

"Ehee!" Nan akapiga ubao wa dirisha kwa kiganja. "Dada Thirza wa kanisa dogo! Umemcheka maiti!"

"Daudi naye alicheza mbele ya Sanduku la Bwana," nikamwambia. "Mkewe alipomdharau, aliyepata hasara ni mkewe. Nitolee mwiko wangu."

Ningependa kusema kwamba mambo yaliishia pale, kati ya wachumba wawili watu wazima. Lakini Nan hajawahi kuwa na kitu kizuri mfukoni akakiacha huko. Kabla ya adhuhuri alikuwa amewaonyesha wanawake wote kisimani. Jioni wanaume walikuwa wanapanga foleni mlangoni kwa Obed, wachana sufu wazima wenye mikono iliyoungua kwa majiko ya kupashia machanuo, kila mmoja ameshika maiti wake.

"Ndugu Larwood, mfungulie na wangu."

"Wangu amekaa sana juu, shingo imemrefuka. Utamweza?"

"Huyu wangu mnene, sijui kama atajua kucheza."

"Wanene ndio wachezaji," Obed alijibu, haachi kupiga mluzi. "Mtazame Nan."

"Nimekusikia!" Nan akapaza sauti kutoka kwangu.

Hakuchukua malipo. Alisema ni kazi ya kungojea, yaani anaifanya huku akingojea meno yapate moto wake. Watu walimwachia kitunguu, kipande cha jibini, samaki wa moshi kutoka Yarmouth. Mimi mwenyewe nilimpelekea nusu peni zangu zote za Tuck, nazo zilikuwa nyingi, maana ninauza njegere na matonge ya unga dirishani, na kila mpita njia analipa kwa alichonacho. Nilimpa matonge mawili yenye mchuzi wa nyama juu.

Wiki chache tu, mtaa mzima ukawa unacheza. Ikafika mahali mtu akitaka kulipa kwa nusu peni yenye kamba, anaambiwa, "Ah, jirani, nipe anayecheza." Watoto waliziviringisha juu ya mawe ya njia na kuimba. Mpiga fidla wa klabu ya Kondoo Mweupe alitunga wimbo, ambao sitauandika hapa kwa sababu ubeti wake wa tatu si wa heshima, lakini wimbo wenyewe ulikuwa mtamu, na nilijikuta nikikoroga kwa mahadhi yake. Hata watu wa juu sokoni walianza kuzitaka. Kulikuwa na mabwana waliokusanya nusu peni za kila namna na kuzilaza ndani ya makasha yenye mahameli, na mmoja wao alishuka hadi kwetu kwa gari la farasi kutafuta "ile ya mcheza dansi." Obed alimwambia arudi na yenye kamba yake mwenyewe, kama watu wengine.

Sasa, pesa ni kama maji. Ukiimwaga mtaa wa chini, itatafuta njia irudi ilikotoka. Nusu peni za Tuck zilikuwa zimeandikwa pembeni kwamba zinalipwa dukani kwa Tuck, na wanawake wetu walipanda kule juu kununua mishumaa kama kawaida. Nan alikuwepo siku Bwana Tuck alipofungua droo yake na kuitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Alinisimulia hata akashindwa kupumua.

"Akachukua moja, dada. Akaiangalia. Akachukua ya pili. Akavua miwani akaifuta. Akamuuliza mkewe, 'Mke wangu, mtu wetu yuko wapi?' Mkewe akasema, 'Si huyo hapo?' 'Na kamba?' 'Labda amefunguliwa.' Nikamwambia, 'Bwana Tuck, ameshukia mtaani kwetu, hajambo, anakusalimu.'"

"Nan! Ulimwambia hivyo?"

"Mdomo ulinitangulia."

Nilimtazama, na ile furaha ikanipungua kidogo. Mimi ni mtu wa dirishani. Naona wanaokuja kabla hawajafika. Na nilijua kwamba mtu wa namna ya Bwana Tuck anaweza kuvumilia kuchukiwa, hilo huwa linampa hata ukubwa fulani. Kuchekwa hawezi.

Tangazo la ndoa ya Obed na Nan lilikuwa limeshasomwa kanisani mara mbili. Bado mara moja tu, Jumapili iliyokuwa inakuja, kisha Jumatatu wafunge. Nan alikuwa ameshashona vazi la rangi ya zambarau. Siku ya Ijumaa, Bwana Tuck akateremka mtaani kwetu ameongozana na konstebo.

Konstebo wa parokia yetu mwaka ule alikuwa Dick Sayer, mshona viatu. Ile kazi haina mshahara. Kila mwenye nyumba huishika kwa zamu, na zamu ilikuwa imemwangukia Dick kama kigae cha paa. Alisimama mlangoni kwa Obed ameshika rungu lake la kazi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

"Ndugu Larwood," akasema, "imenibidi nikukamate."

"Kwa nini, jirani?"

"Kwa ... Bwana Tuck, umesema kwa nini?"

"Kwa kuharibu pesa yenye taji la Mfalme!" Bwana Tuck alisema kwa sauti ya kusikika hadi mtoni. "Kukwangua pesa ya Mfalme ni kumkwangua Mfalme mwenyewe. Watu wamepakiwa melini kupelekwa ng'ambo ya dunia kwa makosa madogo kuliko hilo. Mkamate!"

Obed alitazama jiko lake. "Meno yako motoni, Dick. Nikiyaacha sasa, yatapoteza ugumu wake, na ni ya mtu."

Dick akamgeukia Bwana Tuck. "Bwana, meno yako motoni."

"Meno gani?"

"Ya chanuo. Yatapoteza ugumu."

Basi wakangoja. Bwana Tuck alisimama katikati ya njia ameshika saa. Dick alivuka akaja dirishani kwangu, akaomba njegere. Alipotoa pesa ya kulipa, niliona anaificha kwa kidole gumba, na mimi nikaitia mfukoni haraka bila kuitazama, maana hata bila kuitazama nilijua yule mtu alikuwa anacheza.

Walipomchukua Obed, Nan alikuwa ameenda kupeleka uzi. Aliporudi na kukuta karakana imefungwa, hakulia. Alikuja akaketi jikoni kwangu, kitu ambacho hufanya mara chache kwa sababu hapendi kuketi.

"Kesho asubuhi yuko mbele ya hakimu, pale ukumbi wa mji," akasema. "Dick ameniambia. Hakimu akiona kuna kesi, atamtia gerezani hadi majaji wa mzunguko waje kiangazi. Kiangazi, dada! Jumapili hii nitasomewa tangazo na mtu aliye kifungoni? Na hao majaji wakija, watamrudisha kwangu, au watampakia melini?"

"Mungu hajalala."

"Najua hajalala. Nataka kujua wewe utasema nini. Tuck atakuita uwe shahidi. Amesema, 'Muiteni yule mjane wa njegere, dirisha lake linatazama karakana, na hakuna mtu aliyewahi kumsikia akisema uongo.'"

Nilichukua mwiko nikakoroga njegere.

"Utasema hukuona," Nan akasema. "Mvuke ulikuwa mwingi. Si kila siku kuna mvuke?"

"Nan, niliona."

"Thirza!"

"Nitaapa kwa Biblia. Niliona."

Alisimama. Aliniangalia, si kwa hasira hasa, bali kama mtu anayetazama ngazi aliyoitegemea na kuikuta haifiki. Kisha akaenda kwake. Mimi nilipiga magoti pale pale kando ya sufuria. Sikumwomba Mungu anipe uongo mdogo. Nilimwambia tu kwamba kama ana mlango mwingine mahali fulani, huu ndio wakati wa kuufungua, maana ule wangu nilikuwa naujua, nao unaelekea ukutani.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi ngazini. Wachana sufu walikuja na aproni zao, wafumaji nao, wanawake wenye vikapu, na yule bwana wa makasha ya mahameli alikuwa amesimama mbele kabisa. Nan alikuja amevaa lile vazi la zambarau. Alisema kama hatalivaa Jumatatu, basi litoke leo. Hakuketi karibu nami.

Hakimu hakuwa rafiki wa wachana sufu. Alikuwa mtu wa Mfalme toka kichwani hadi miguuni, na mguu mmoja ulikuwa na jongo, umelazwa juu ya kigoda na kufungwa vitambaa. Ilijulikana kwamba Bwana Tuck humpelekea chai nzuri. Kando yake aliketi karani, kijana mkavu mwenye kalamu ya unyoya, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika tu, na alionekana hapendi kitu kingine duniani.

Bwana Tuck alimwaga rundo la nusu peni mezani. Akahutubia. Alianza na Mfalme, akapita Ufaransa, akarudi kwenye mishumaa. Hakimu alichukua nusu peni moja yenye kamba, na moja isiyo na kamba, akazishika sambamba karibu na jicho. Akakohoa. Kikohozi kile kilikuwa kirefu na mabega yalitikisika.

"Huyu wa pili," akasema alipopata sauti, "amelewa?"

"Anacheza, mheshimiwa," mtu mmoja akajibu kutoka nyuma.

"Kimya! Bwana Tuck, una shahidi?"

Nikaitwa. Niliweka mkono juu ya Biblia, nikaapa.

"Mama," hakimu akasema, "ulimwona mtu huyu akikwangua pesa hizi?"

"Nilimwona, mheshimiwa."

Ukumbi uligumia kama ng'ombe aliyekanyagwa. Nan aliinua aproni akafunika uso.

"Ulimwona vizuri?"

"Vizuri. Alikwangua kamba na mti kwa tupa nyembamba. Taji hakuligusa. Mtu naye hakumgusa, ila pale shingoni."

"Alikuambia kwa nini?"

"Mchumba wake hakupenda kulala na maiti mfukoni. Kisha watu wengine wakamwomba. Na mimi nilimpelekea zangu."

"Wewe?" Hakimu aliniangalia kofia yangu nyeupe na kitambaa changu cheusi. "Mama mcha Mungu kama wewe?"

"Nilimpa matonge mawili, mheshimiwa. Yenye mchuzi."

Walicheka, hata Dick Sayer mwenye rungu lake. Bwana Tuck hakucheka. Uso wake uling'aa. "Umesikia mwenyewe!" akamwambia hakimu. "Imeshuhudiwa mbele ya wote. Mheshimiwa, mpeleke ndani."

Hakimu akahema. "Sioni njia nyingine. Karani, andika apelekwe gerezani akangoje majaji."

Nilimtazama Obed. Alikuwa ameacha kupiga mluzi kwa ndani, maana huwa anapiga hata mdomo ukiwa umefungwa, unaona kwenye shavu. Shavu lilikuwa limetulia.

Karani alichovya kalamu. Akaandika jina. Akaandika parokia. Kisha akainua kichwa.

"Mheshimiwa, kosa niandike lipi? Kuharibu pesa halali ya Mfalme, au kuharibu mali ya Bwana Tuck? Siwezi kuandika yote mawili, hayaendi kwa sheria moja."

"Pesa ya Mfalme!" Bwana Tuck akasema. "Hulioni taji?"

"Naliona, bwana." Karani akachovya tena. "Pesa ya ... Mfalme. Na ilipigwa chapa wapi? Ni lazima iandikwe ilikopigwa."

"Birmingham."

"Birmingham. Kwa amri ya?"

"Yangu. Mimi ndiye niliyeagiza, nimelipa kwa pesa yangu ..."

Aliishia hapo. Hakimu alikuwa ameushusha mguu wenye jongo kutoka kwenye kigoda, na haukuonekana kumuuma.

"Karani, usiandike," akasema taratibu. "Bwana Tuck, rafiki yangu. Wewe ulipiga pesa ya Mfalme?"

"Mheshimiwa, mimi ni mtu mtiifu kuliko wote mjini hapa."

"Sijauliza utiifu. Anayepiga pesa ya Mfalme bila ruhusa ya Mfalme, sheria inamwitaje?"

"Inamwita aje achukue kamba yake!" mtu akapaza sauti. "Tumemtunzia!"

Ukumbi ulilipuka. Dick alipiga rungu sakafuni akitaka kimya, lakini alikuwa analipiga kwa mahadhi ya ule wimbo, sidhani kama alijua. Nan alikuwa ameshusha aproni. Macho yake yalikuwa mekundu na mdomo uko wazi.

"Basi si pesa ya Mfalme," Bwana Tuck akasema haraka, jasho likimtoka chini ya nywele zake za bandia. "Ni ... ni kipande tu, mheshimiwa. Kipande cha shaba cha ..."

"Kipande cha shaba!" Mke wa mchana sufu mmoja alisimama na kikapu chake. "Mmemsikia? Kumbe si pesa! Bwana Tuck, nina mfuko mzima wa vipande nyumbani. Jumatatu nakuja dukani unibadilishie fedha nyeupe!"

"Na mimi!"

"Na sisi wa kule soko la ng'ombe!"

"Bwana Tuck," Nan naye akadakia, na nikajua amerudi mwenyewe, "kwa hiyo juzi nilipokupa vipande ukanipa mishumaa, uliniachia bure? Mungu akuzidishie. Hata sikukushukuru."

"Sikusema si pesa!" Bwana Tuck akageuka huku na huku. "Ni pesa! Kila mtu anajua ni pesa nzuri!"

"Niandike pesa?" karani akauliza.

"Usiandike!"

Nilikumbuka pale neno la kitabu cha Mithali, kwamba achimbaye shimo atatumbukia ndani yake. Lakini nilimwonea huruma pia, naye amesimama pale katikati ya vicheko, soksi moja imeteremka. Hakuwa mtu mbaya sana. Wakati wa baridi kali alikuwa akiwapa maskini vipande vya mishumaa.

Hakimu aliinua mkono hadi ukumbi ukatulia.

"Bwana Tuck, chakula changu kinapoa, na jambo lenyewe ni jepesi. Ukisema hii ni pesa ya Mfalme, mtu huyu nitamtia ndani, ila itabidi wewe utangulie ili umwonyeshe njia. Ukisema ni kipande cha shaba, basi kilikuwa cha huyu mama wa vazi la zambarau tangu ulipomrudishia kama chenji, na mchumba wake anaweza kukikwangua hadi kiwe kifungo. Sema neno moja, karani aandike. Usiposema, karani hana la kuandika, na mtu asiyeandikiwa kosa sina la kumfungia. Atakwenda nyumbani, kesho atasomewa tangazo lake."

Kalamu ya karani ilingoja juu ya karatasi, tone la wino limevimba nchani mwake. Nan alikuwa tayari amepenya katikati ya watu na kuushika mkono wa shati la Obed, ameukunja ndani ya kiganja, na shavu la Obed lilikuwa limeanza kutikisika tena kwa mluzi wa ndani. Watu wote walimtazama Bwana Tuck. Yeye alizitazama nusu peni mezani, zenye kamba na zisizo na kamba. Akafungua mdomo. Akamtazama yule mwanamke wa kikapu. Akaufunga.

"Pesa, bwana," karani akauliza kwa adabu, "au si pesa?"

Bwana Tuck alichukua kofia yake mezani, akaivaa mbele nyuma, akapita katikati ya wachana sufu, ambao walimpisha vizuri kabisa, wengine wakimshikia mlango, akatoka bila kusema neno lingine.